Mtani Aliyechelewa Msibani

Tangu nirudi Lusaka, hakuna aliyeniuliza habari za safari kabla ya kuniuliza koti langu liko wapi. Nawaelewa. Koti lile la kaki mmeliona mgongoni mwangu kila msimu wa baridi tangu nianze kazi hapa karakanani, na mwaka huu baridi imefika nami nimebaki na fulana, mikono nimeificha kwapani. Nimesikia pia kwamba kuna kofia inapitishwa huko nyuma ya mashine ya randa ili ninunuliwe jingine. Kabla hamjaenda dukani, hebu nisikilizeni.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Nyamizi wa Ipuli, Tabora, alinipigia simu. Hakunisalimu. Alisema, "Mgogo wangu amepatikana. Yuko Manyoni. Kaniletee."

Nieleze kidogo kwa ajili ya vijana. Nilikuwa darasa la tatu siku bendera moja ilipopandishwa bara zima. Mwalimu wetu alichukua kitambaa chenye maji akafuta ubaoni mistari yote ya mipaka, akatuambia tuichore Afrika upya. Tulifurahi mno, maana sasa ilikuwa rahisi kuchora. Ubao haujakauka vizuri, wenye migodi wa kigeni wakarudi na askari wa kukodi, wakashika miji na reli yote kutoka ziwani hadi pwani. Wetu wakaingia porini. Reli ilikuwa ya adui, lakini ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi na meno ya tembo mabegani, hakuna mgeni aliyeijua. Chumvi, dawa na risasi zikapita humo vichwani mwa watu, mpaka adui akachoka akaondoka.

Mjomba wangu Maganga alikuwa mmoja wa wabebaji hao. Alimwachia Bibi baiskeli yake, akasema atarudi kuipanda. Hakurudi. Tuliambiwa tu kwamba alizikwa njiani na mwenzake, Mgogo.

Sasa, Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Mtu akifa, mtani huingia msibani akamtukana marehemu, akaiga mwendo wake, akachukua kitu chake kimoja, na waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Hapo ndipo matanga yanapoanuliwa. Watani wengine walikuja kwa Bibi, akawafukuza. Alimtaka yule aliyemfukia mwanawe. Baiskeli ikaning'inizwa darini kwa sababu ni haki ya mtani. Bibi akaacha asali, akaacha ngoma, yeye aliyekuwa akianza kucheza Ipuli nzima inasimama kumtazama. Harusi zetu zote zimepita yeye ameketi pembeni, mpole kama mgeni. Nyumba ilibaki ya msiba mpaka mimi nikaota mvi.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa chumvi akapita akisema kuna mzee huko Manyoni anayechekesha watu kwa habari za Mnyamwezi mmoja aliyekoroma vitani. Bibi akauliza jina la huyo Mnyamwezi. Maganga.

Mbeya hadi Itigi: ndoo ya asali

Nilishuka garimoshi Mbeya, nikapanda basi la kukatisha msitu kwenda Itigi. Barabara ile ni miombo tu, miti, miti, halafu miti. Mimi mnanijua situlii. Nimeishi Beira, Kisangani na Juba, lakini dirisha likionyesha miombo huwa nanyamaza kama mtoto aliyebebwa.

Rungwa akapanda mama mmoja na ndoo ya asali, akaiweka kwenye rafu ya mizigo, juu ya kichwa changu. Nikamwuliza, "Mama, kifuniko kimekaza?"

"Baba, hiyo ndoo imefungwa na mume wangu mwenyewe."

Baada ya mwendo kidogo nikahisi shingo inapata joto. Asali ilikuwa imeshuka taratibu, imejaa kolani, inaelekea mfukoni. Nikamwonyesha. Akalitazama koti, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Nimekwambia ni mume wangu. Sikukwambia anajua kufunga."

Basi lote likacheka, naye akanipa sega zima la kunifariji. Tatizo lilikuwa nyuki. Kila kituo tulichosimama walinijia mimi tu. Abiria wakaacha kukaa karibu nami, nikasafiri hadi Itigi na kiti cha watu wawili.

Manyoni: Mgogo mwenyewe

Mzee Ndahani nilimkuta zizini akikamua. Mrefu, mkavu, masikio yametobolewa kwa mtindo wa zamani, kofia ya jeshi iliyofifia. Nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Akaitikia bila kugeuka. Nikasema, "Mimi ni mjukuu wa Bi Nyamizi wa Tabora. Mpwa wa Maganga."

Mikono ikasimama kwenye chuchu za ng'ombe. Kisha akasema, "Ndiyo maana nimesikia nyuki. Mnyamwezi hata akitoka bafuni hunuka mzinga."

Nikajua nimefika.

Mkewe alitupa ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya kushushia. Nikamwuliza kwa nini hakuja miaka yote. Alikuwa jangwani kaskazini na jeshi la Muungano wa bara, akasema, halafu akawa na ng'ombe, halafu na wajukuu. Akavuta tonge la mlenda. "Nilikuwa naogopa. Niliwaza, mama yake akilia mbele yangu nitafanya nini?"

"Hataki kulia. Anataka umtukane Maganga."

"Hilo ninaliweza," akasema, akaenda kutafuta fimbo yake.

Ndani ya garimoshi: tunashitakiwa

Tulipata viti mkabala na mwanamke wa makamo, mwenye kilemba kikubwa cha njano. Alikuwa Mwalimu Awa kutoka Senegali, anahamia kufundisha Ujiji. Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi.

Ndahani hata hakungoja gari liondoke. "Wewe mpagazi, shuka sakafuni. Kiti ni cha watu. Mzigo na mbebaji wake hukaa chini."

"Na wewe Mgogo, rudisha mkono wako. Abiria watadhani umeshaanza kuomba."

"Babu yako alipita kwetu na mali ya watu kichwani, akalala njaa mlangoni pa babu yangu."

"Na babu yako akamwomba hata hiyo njaa."

Mwalimu Awa akasimama. "Nyamazeni, tafadhali! Katika nchi hii kumdharau mtu kwa kabila lake ni kosa. Watu walikufa porini kwa ajili ya umoja huu, na ninyi watu wazima mnatukanana garini?"

Ndahani, ambaye alikuwa porini huko huko, akavua kofia akaitazama. Mwalimu akaenda kumwita mkaguzi wa tiketi. Akaja mtu wa kitambi, mnene wa sauti.

"Nani amemtukana nani?"

"Huyu mzee amemwita mwenzake mpagazi. Naye huyu amemwita mzee ombaomba."

Mkaguzi akanigeukia. "Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Mimi Mzaramo." Akashusha begi langu, akaliweka sakafuni, akalikalia. "Hili nimelichukua. Mwalimu, ahsante sana. Bila wewe nisingejua kwamba mpagazi wangu yumo garini."

Gari zima likalipuka kwa kicheko. Mwalimu alisimama mdomo wazi, kilemba kimepinda. Ilibidi tumweleze pole pole: kwamba Wazaramo nao ni watani wetu, kwamba nikikasirika nimeshindwa, na kwamba huyu mzee anakwenda kufanya kazi ya msiba. Alisikiliza. Kisha akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, na mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Kwetu sisi Waserere tuna Wajola," akasema. "Mjola nikimkuta anakula, namnyang'anya sahani. Namwambia yeye ni mlafi wa wali, hajui hata jina la mama yake."

"Sasa umetushitaki kwa nini?" Ndahani akauliza.

"Nilidhani ni sisi tu."

Goweko: injini inapumzika

Goweko injini ikakata pumzi. Yule Mzaramo akasimama mlangoni akatangaza kwamba injini imepumzika, nyingine itatoka Tabora, na ambaye ana haraka anaweza kuisukuma.

Nawaambia ukweli, sijawahi kufurahia kuchelewa kama pale. Wanawake walitoka vijijini na sufuria vichwani: karanga za kuchemsha, kuku, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kamba. Mwalimu Awa alipewa kipande, akashukuru, akakifuta vizuri kwa leso, akakitia kwenye mkoba.

Mama aliyempa akamwuliza, "Mwanangu, mbona huli?"

"Shikamoo, mama. Nitakitumia nyumbani. Ni cha kusugulia miguu, siyo?"

Wale wanawake waliketi chini. Mmoja alicheka mpaka mwenzake akaja kumshika mgongo. Mwalimu naye alipong'ata na kutafuna, akaendelea kutafuna, na kutafuna, akanyoosha mkono kuomba kingine. Ndahani akamtazama kwa mapenzi. "Huyu," akasema, "ana damu ya Kigogo."

Injini haikuja. Palikuwa na trekta linapeleka marobota ya tumbaku Tabora, na dereva akakubali kutubeba sisi watatu juu ya mzigo. Hivyo ndivyo tulivyoiacha reli, tukaingia njia ya zamani.

Njia ya wapagazi, kabla ya Kigwa

Juu ya tumbaku mtu anakaa laini kuliko garimoshini. Ndahani alikuwa amechangamka, anaonyesha kwa fimbo: pale walificha dawa, pale walikula panya. Akatusimulia ile habari ya kukoroma. Walikuwa wamejificha wakivizia adui, Maganga akapitiwa na usingizi. Adui wakasikia mngurumo, wakadhani kifaru chao kimekuja kuwasaidia, wakatoka mafichoni wanashangilia. "Tukawakamata wote," akasema Ndahani, "na Maganga akaamka akauliza kama chakula kimeiva."

Tukafika kwenye kijito kikavu. Ndahani akaishusha fimbo. "Simama, dereva."

Ng'ambo ya kijito palikuwa na bani la kukaushia tumbaku, na kando yake rundo la mawe lililofika kiunoni. Mama mwenye shamba akatoka kutulaki. Ndahani akamwuliza habari za mawe yale.

"Tuliyakuta, baba. Tulipofyeka tuliyazunguka. Kila apitaye njia hii huweka lake. Hatumjui ni nani, ila huwezi kumpita mtu mikono mitupu."

"Mimi niliweka moja," akasema Ndahani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Moja tu. Adui walikuwa wanakuja. Nilimfunika nikakimbia. Sikumtukana hata neno."

Alilizunguka rundo lile, akiligusa gusa kama mtu anayekagua mnyama huku haamini kuwa ni wake. Watu ambao hatutawajua walikuwa wamembebea mawe mjomba wangu miaka yote. Kila mmoja wetu akaokota lake akaliweka. Mwalimu Awa alitafuta lake kwa muda mrefu, akarudi na jeupe.

Tuliporudi juu ya trekta, nikamchokoza. "Mgogo, mbona kimya? Umekosa wa kumwomba?"

Akanijibu, "Samahani, mwanangu."

Samahani! Mtani hasemi samahani. Nikajaribu tena Kigwa tulipokunywa chai, nikamwambia masikio yake yanafaa kuanikia nguo. Akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaninong'oneza, "Kaka, amekwisha." Nami nikaanza kuwaza nitamwambia nini Bibi. Alikuwa amesubiri mtani, na mimi ninampelekea mzee mwenye huzuni. Wa kulia tulikuwa nao wa kutosha pale nyumbani.

Tabora, Ipuli

Nyumba ilikuwa imejaa. Pilau ilikuwa jikoni, majirani wako uani, na Bibi ameketi kwenye mkeka sebuleni, kanga mpya, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mwalimu Awa, ambaye gari lake la Ujiji lilikuwa bado limelala Goweko, alishapewa kiti na chai kabla hajataja jina.

Ndahani akaingia. Akavua kofia. Akainama mpaka magoti yakagusa mkeka.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

Niliuona uso wa Bibi ukishuka. Hakuitikia. Hata mwiko jikoni ulisimama. Ndahani akabaki ameinama, machozi yanamdondokea kwenye kofia. Mama yangu akanitazama kwa jicho la kuuliza, huyu ndiye uliyetuletea?

Bibi akanyoosha mkono, akampokonya fimbo.

"Huyu si Mgogo," akatutangazia. "Mmeniletea Mgogo wa kuazima. Mgogo gani anaingia nyumba ya watu asiombe maji?" Akamgonga begani kwa ile fimbo, taratibu. "Nimekungoja mpaka meno yameondoka, kumbe umesimama kwenye mlango wa mwingine umekinga mikono. Na mwanangu najua alikufa amekonda. Chakula chote ulikula wewe!"

Ndahani akainua uso pole pole.

"Mimi ndiye niliyekula?"

"Wewe. Tumbo lako lina mlango wa nyuma."

"Mama." Akasimama. "Mama, mwanao alikuwa anakula hata chumvi tuliyotumwa kupeleka! Tukifika kwa wenzetu tunawapa gunia, wanalikung'uta, anatoka kombamwiko anayelia njaa! Mimi nimekonda hivi kwa sababu ya mwanao! Na kutembea kwake je? Nani alimfundisha kutembea, bata?"

Akaanza kupita sebuleni, kifua mbele, mguu wa kushoto anaurusha pembeni kama mtu anayefukuza kuku.

"Maganga!" Bibi alipiga ukelele, akajiziba mdomo kwa mikono yote. "Ni yeye! Alitembea hivyo tangu anajifunza!"

Ndahani sasa hakushikika tena. Aliiga Maganga anavyojikwaa, anavyokataa kukiri kwamba amepotea njia, anavyokoroma. Alipofika kwenye kifaru, Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kilemba kimeanguka, anasema kwa shida, "Baba yake hivyo hivyo, baba yake hivyo hivyo." Mama yangu alikuwa analia na kucheka kwa uso mmoja. Ndivyo nilivyomfahamu mjomba wangu, ambaye picha yake ukutani imekaa wima kama nguzo.

"Sasa haki yangu iko wapi?" Ndahani akanguruma.

Bibi akaelekeza darini.

Tukaishusha baiskeli. Matairi yalikuwa yameoza yakabaki vyuma, kengele bado inalia. Ndahani akaipanda uani, akapita kati ya sufuria, akatoka nayo barabarani, chuma kinapiga kelele juu ya mawe. Na sisi, kama desturi inavyotaka, tukamkimbiza tukipiga mayowe. "Mwizi! Mgogo kaiba! Mshikeni!" Aliyetangulia wote ni Mwalimu Awa, viatu mkononi, anapaza sauti kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Mwizi huyo! Tafadhali mkamateni!"

Mchanga wa Ipuli ukamkamata yeye mwenyewe. Gurudumu la mbele lilizama, mzee akapita juu ya usukani akatua kwa makalio. Bibi akafika wa mwisho, na fimbo ya Kigogo mkononi, akamwangalia pale chini. Akajaribu kusema kitu akashindwa. Akaketi mchangani kando yake, akacheka mpaka akamshika bega ili asianguke.

Alipopata pumzi alisema, "Nileteeni asali."

Sega langu la Rungwa lilikuwa bado begini. Alilila pale pale barabarani, vidole vinamnata, huku wanawake wanaukung'uta mkeka wa sebuleni na kuuanika ukutani juani.

Kurudi

Mwalimu Awa alikaa nasi mpaka gari lake lilipofufuka, akaondoka na mfuko wa matobolwa. Ndahani alikaa zaidi. Kila asubuhi yeye na Bibi waliamka kwa matusi. Siku ya kumsindikiza kituoni, Bibi alikuja mwenyewe.

"Mama," Ndahani akamwuliza, "na wewe ukifa nichukue nini?"

"Chagua mapema, usije ukawasumbua watu."

"Nataka kitanda."

"Kina kunguni."

"Kunguni wa Kinyamwezi? Hao watakibeba wenyewe hadi Manyoni."

Bibi akamchapa kwa kanga. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Ila usichelewe kama ulivyochelewa kwa Maganga."

Ndahani akanigeukia. Kabla sijaelewa, alikuwa ameshanivua koti mgongoni, lile lile lenye kola ya asali, akalivaa, akafunga vifungo mpaka juu. "Hili nakaa nalo. Siku hiyo huyu mpagazi atanipigia simu upesi, kwa uchungu wa koti lake. Nitamrudishia msibani, mbele ya watu."

"Usimpe kabla," Bibi akamwambia.

"Simpi."

Basi wenzangu, ile kofia iliyopita nyuma ya randa, rudishieni kila mtu chake. Bibi alinipigia jana. Anakula asali, jino lake la mwisho linamuuma, na amealikwa ngomani Jumamosi. Koti langu liko Manyoni. Sina haraka nalo.